Sidiria Inanipanda Kila Nikiandika Ubaoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Temeke, nina miaka 36 na watoto watatu. Wa mwisho nimemwachisha kunyonya mwaka jana. Jambo ninalokuandikia naona aibu hata kulianza, lakini limenichosha.

Ni sidiria. Tangu nimwachishe mtoto sijapata inayonikaa. Nikinyoosha mkono kuandika juu ubaoni, sidiria inapanda, matiti yanachomoka kwa chini na waya unakaa katikati ya titi. Inabidi nigeukie ukutani nijivute nguo ndipo niendelee na somo. Ninafundisha darasa la sita, Shangazi, watoto wa umri huo wanaona kila kitu. Kamba za begani nikizilegeza zinateleza, nikizikaza zinanikata. Jioni nikivua nakuta mifereji miwili mabegani, na ngozi ya pale imeanza kuwa nyeusi. Chini ya matiti panawasha, hasa miezi hii ya joto, na kuna siku mkono wa kulia unakufa ganzi mpaka vidoleni.

Navaa 40B. Saizi hiyo nilipewa Kariakoo, mtaa wa Kongo. Kijana muuzaji aliniangalia tu, akasema, "Mama, wewe 40 hii," akaniwekea kifuani mbele za watu. Nikalipa haraka niondoke. Baadaye wifi yangu akaniambia kama inabana nichukue 42. Nikachukua, ndiyo ikawa balaa zaidi. Mwalimu mwenzangu naye anasema niachane kabisa na zenye waya kwa kuwa zinaleta saratani, na kwamba nikilala nayo ndiyo najimaliza. Mama yangu yeye anasema nivumilie, mwanamke akishazaa ndivyo anavyokuwa.

Naomba unisaidie nijue saizi yangu ni ipi, na niipateje bila kudhalilika. Nimejipima kwa tepu ya fundi cherehani jirani yetu: chini ya matiti ni sentimita 80, na palipojaa ni sentimita 101. Sijui nifanye nini na hizo namba.

Mwalimu, Temeke

*

Marahaba mwanangu.

Hizo namba mbili ulizoniandikia zinatosha. Saizi yako ya kuanzia ni 80E kwa lebo za Ulaya, ambayo kwa lebo za Kiingereza ni 36DD. Kwa hiyo 40B uliyopewa imekuzidi mgongoni kwa saizi mbili nzima, na herufi yake ya kikombe iko chini kwa tatu. Ndiyo maana inakupwaya na kukubana kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hukuweza kuelewa kasoro iko wapi. Mama yako namheshimu, ila kwa hili sikubaliani naye. Kuzaa kunabadilisha matiti, hilo ni kweli, lakini mifereji ya mabegani na mkono kufa ganzi havitokani na uzazi. Mara nyingi vinatokana na nguo isiyokutosha, na nguo inabadilishwa.

Nianze na kazi ya sidiria yenyewe, maana ukishaielewa hutahitaji kukisiwa na mtu tena. Wanawake wengi tunaamini kamba za begani ndizo zinazobeba. Sivyo. Anayebeba sehemu kubwa ya uzito ni mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu. Ukiwa umeushika mwili sawasawa, vikombe vinapata pa kusimamia, na kamba zinabaki na kazi ndogo tu ya kuzuia kitambaa kisilegee kwa juu. Mkanda ukipwaya, mzigo wote unahamia mabegani.

Sasa angalia yaliyokupata. Mbavu zako ni sentimita 80, na sidiria ya 40 imetengenezwa kwa mtu mwenye mbavu za sentimita 90 hivi. Hizo kumi za ziada hazina cha kushika, basi mkanda unapanda mgongoni, na kadiri unavyopanda nyuma ndivyo unavyoshuka mbele. Matiti yakishuka unakaza kamba. Kamba zikikazwa zinauvuta mkanda juu zaidi, na wewe unakatika mabega. Ukija ubaoni ukanyanyua mkono, bega linaivuta kamba, kamba inakivuta kikombe, na kwa kuwa chini hakuna kilichoshika, sidiria yote inakwenda juu. Hapo kikombe chenyewe kilikuwa kidogo tangu mwanzo, waya haujawahi kulizunguka titi lako, ulikuwa umelilalia. Wifi yako alikutakia mema, ila alidhani kinachobana ni mkanda, kumbe kinachobana ni kikombe. Akakuongezea upande uliokuwa umezidi tayari.

Na yule kijana wa mtaa wa Kongo, hiyo 40 hakuitoa hewani. Sentimita 101 ni karibu inchi 40. Aliangalia kifua chako palipojaa, na jicho lake lilikuwa sahihi kabisa. Kosa ni kwamba namba ya sidiria haihesabiwi kutoka hapo. Inahesabiwa chini ya matiti. Wateja wanaouziwa namba kwa ukubwa wa kifua wanajaa kila soko, na wengi wao wana mbavu nyembamba na matiti yaliyojaa kama wewe. Halafu wauzaji wengi wanaleta vikombe vya B na C tu, wakiwa na namba kuanzia 32 hadi 44. Mwanamke asipoenea kwenye kikombe anapandishwa namba, kwa sababu ndicho kilichopo kwenye fungu.

Tuje kwenye lebo. Sidiria nyingi mpya zinazouzwa kwetu zinatoka China na zimeandikwa namba mbili pamoja, kwa mfano 36/80. Wewe ishike hiyo ya pili. Ni sentimita za chini ya matiti, moja kwa moja, bila hesabu yoyote. Mbavu zako zikiwa 80, unatafuta 80. Ile ya kwanza, 36, imebaki kutoka desturi ya zamani ya Waingereza na Wamarekani ya kupima mbavu kwa inchi kisha kuongeza 4 au 5, ndiyo maana haifanani na kipimo chochote utakachokipata mwilini mwako. Zinakwenda jozi: 34 na 75, 36 na 80, 38 na 85, 40 na 90. Kuna makampuni ya Uingereza siku hizi yameacha kuongeza hizo inchi, kwa hiyo ukikuta sidiria yao usishangae namba ikishuka hadi 34 au hata 32 huku kikombe kikipanda. Na kama una ndugu anayekuletea nguo kutoka Ufaransa, Ubelgiji au Hispania, mwambie huko wanaongeza 15 kwenye hiyo ya sentimita: 80 yako kwao inaandikwa 95. Wasomaji wangu wa Bukavu na Bujumbura mnaopata bidhaa za huko mnalijua hili, na anayelisikia leo akaangalie lebo yake upya.

Herufi ndiyo inayosema kikombe kina ukubwa gani, na inatokana na tofauti ya vipimo vyako viwili. Wewe ni 101 toa 80, inabaki 21. Kwa Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, halafu kila sentimita mbili unapanda herufi moja: B, C, D, na ukifika kati ya 20 na 22 ni E. Wachina wanaanzia 10 na kupanda kwa sentimita mbili na nusu, na kwao pia 21 yako inaangukia E. Waingereza wameingiza DD katikati ya D na E, ndiyo maana E ya Ulaya kwao inasomeka DD. Lebo za Marekani utakuta zimeandika DD pia, wakati mwingine DD/E.

Najua herufi E itakushtua. Wateja wengi wakiisikia wanasema, "Mimi sina matiti makubwa hivyo." Herufi peke yake haisemi ukubwa, inasema tofauti tu, na kikombe kinakua pamoja na namba. D ya 75 na D ya 90 ni vikombe viwili tofauti kabisa ukiviweka mezani. Hii inakusaidia sana sokoni, kwa sababu namba ikipanda moja na herufi ikashuka moja, kikombe kinabaki na ujazo uleule. 80E, 85D na 90C zinabeba titi la ukubwa mmoja, zinatofautiana mkanda tu. Ukiikosa 80E, chukua 85D na uifunge kulabu za ndani zaidi. 90C usiichukue hata muuzaji akikuapia, utarudi palepale ulipo leo.

Kabla hujaenda dukani, jipime tena, maana kipimo cha kwanza huwa na haraka. Usijipime siku zinazokaribia hedhi, kwa wengi matiti huvimba wakati huo, subiri imalizike. Vaa sidiria nyepesi isiyo na sponji, simama wima. Tepu ya chini ipite mbavuni ikiwa imelala sawa mgongoni na mbele, uibane vizuri huku umetoa pumzi. Ya juu ipite penye chuchu, bila kubana, ikigusa ngozi tu. Kwa kuwa umenyonyesha watoto watatu na titi limelegea kidogo, inama pia mbele mpaka mgongo ulale, upime tena palipojaa. Vipimo viwili vikitofautiana, chukua cha katikati. Mwanamke asiye na tepu atumie uzi usiovutika, auweke alama kwa kalamu, halafu aulaze kwenye rula.

Titi moja likiwa kubwa kuliko jingine, na kwa wanawake wengi ndivyo ilivyo, unafuata lililo kubwa. Upande wa pili utakaza kamba kidogo au utaweka kipande cha sponji.

Vipimo vinakufikisha mlangoni tu. Kinachoamua ni mwili, na hapa naomba usome polepole. Ukiishika sidiria mpya, kwanza jaribu mkanda peke yake: izungushe uifunge na vikombe vikiwa mgongoni, bila matiti ndani. Ikikaa bila kupwaya, na vidole viwili vikapita chini ya mkanda kwa shida kidogo, mkanda ni wako. Watu wanaupima mkanda huku matiti yamejibana kwenye vikombe vidogo, halafu wanasema unabana. Sasa ivae sawasawa, ukiifunga kwenye kulabu za nje kabisa, zile zinazoiacha pana. Lastiki hulegea kwa kuvaliwa na kufuliwa, na safu nyingine za kulabu zimewekwa kwa ajili ya miezi ijayo. Sidiria mpya inayokukaa kwenye kulabu za ndani kabisa imeshakuzidi, haitadumu; ndiyo maana 85D ni ya kuchukua ukiikosa 80E tu.

Ukishafunga, inama, ingiza mkono ndani ya kikombe, ichukue nyama yote ya titi kutoka kwapani uilete mbele. Kisha simama. Wengi hawalijui hili na linabadilisha kila kitu, kwa sababu ile nyama ya kwapani tunayoidhani ni unene mara nyingi ni titi lililosukumwa pembeni na waya. Baada ya hapo angalia mambo haya. Kile kipande cha katikati, kati ya vikombe, kilale juu ya mfupa wa kifua. Kikielea hewani, vikombe ni vidogo. Waya upite nyuma ya titi kwapani, usilikanyage mahali popote. Juu ya kikombe pasiwe na titi linalofurika kama unga uliozidi chachu, wala pasibaki uwazi, ingawa kwa mama aliyenyonyesha uwazi mdogo juu ni kawaida, hasa kwenye sidiria za sponji ngumu. Ndiyo maana kwako nashauri kikombe cha kitambaa kilichoshonwa vipande vipande, kinachofuata umbo lako. Sponji nene ina umbo lake yenyewe, na inakusanya joto.

Nyanyua mikono yote miwili juu, kwa nguvu, ukae hivyo. Mkanda ubaki mbavuni. Halafu teremsha kamba zote mbili begani, tembea hatua chache. Vikombe vikishuka kidogo si neno. Vikianguka, mkanda haufanyi kazi, irudishe.

Najua unajiuliza haya yote utayafanyia wapi, na barazani kuna vijana na wapita njia. Hapa ndipo nina hasira na biashara hii, si kwa yule kijana tu, kwa mfumo mzima wa kumuuzia mwanamke nguo ya ndani kwa kumwekea kifuani njiani. Una haki ya kukataa. Nenda asubuhi siku ya kazi, mfano wakati wa likizo ya shule, kabla watu hawajajaa. Ingia maduka ya ndani ya majengo, tafuta linalouzwa na mwanamke, na mengi yana pazia la kujaribia. Vaa fulana nyembamba inayobana, ili pasipokuwa na pazia uivae sidiria juu ya fulana. Kikombe hakitapimika vizuri lakini mkanda utaujua, na waya utaona unapoishia. Nunua moja tu, kwa makubaliano ya kubadilisha ikiwa na lebo yake, uende kuijaribu nyumbani. Na usiulize, "Naomba sidiria saizi yangu." Sema mwenyewe: "Nataka 80E, au 85D, mkanda mpana, isiyo na sponji nene." Wauzaji wengi wana simu na wanatuma picha, kwa hiyo unaweza hata kuagiza kwa ujumbe na kuomba akupigie picha ya lebo kabla hujapanda daladala.

Kuhusu mitumba. Najua vikombe vikubwa vingi tunavikuta humo, na najua zinauzwa waziwazi. Lakini Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani, sidiria zikiwemo, kwa sababu za kiafya. Nina sababu nyingine ya kifundi ya kukuzuia: uhai wa sidiria ni lastiki ya mkanda, na lastiki iliyokwisha kuvaliwa miaka na mtu mwingine, ikafungwa kwenye robota na kukaa melini, imeshachoka. Utailipia na haitakubeba. Afadhali mbili mpya zinazokukaa kuliko sita za kubahatisha.

Nasema mbili kwa kuanzia, tatu ukijaliwa, kwa kuwa lastiki inahitaji kupumzika. Ukivaa moja siku nzima, kesho yake vaa nyingine. Zioshe kwa mkono, kwa maji yasiyo ya moto na sabuni kidogo, bila kuzikamua kwa kuzisokota. Halafu kuna suala la kuzianika. Tulilelewa tusianike nguo za ndani hadharani, basi tunazificha chumbani nyuma ya mlango au tunazifunika kanga mbili, zinakauka nusu na kubaki na unyevu. Sehemu ya muwasho wako inaweza kuwa inaanzia hapo. Zianike nje kivulini penye upepo, na kama unaona haya, tandaza kanga moja nyepesi kwenye kamba ya mbele yake, isiziguse. Juani moja kwa moja usiziweke kwa muda mrefu, jua letu linaikausha lastiki mpaka inakatika.

Muwasho wenyewe: joto, jasho na ngozi inayosuguana ni mahali pazuri kwa fangasi. Kausha chini ya matiti kabisa baada ya kuoga, kwa kugusagusa na kitambaa kikavu bila kusugua, ukae dakika chache bila sidiria kabla ya kuvaa. Kitambaa laini cha pamba chini ya mkanda kinasaidia siku za joto kali, ukibadilishe mchana kikilowa. Ngozi ikiwa nyekundu, ina vipele au harufu, nenda duka la dawa au zahanati waione; dawa ya kupaka ya fangasi kwa kawaida inamaliza. Usipake poda juu ya ngozi iliyochubuka. Na kama ukipona unarudia, ukapona ukarudia, omba upimwe sukari, kwa sababu fangasi wa namna hiyo huwasumbua sana wenye kisukari ambao bado hawajijui.

Ganzi ya mkono nayo nisiipite. Kamba nyembamba iliyobeba uzito wote inakandamiza bega, na inaweza kubana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Unapoandika ubaoni mkono ukiwa juu, inazidi. Chagua kamba pana, na mkanda ukishika, mabega yatapumua siku hiyohiyo. Lakini jipe wiki mbili au tatu tu. Ganzi ikibaki, au ukaanza kudondosha vitu, nenda hospitali. Shingo na kifundo cha mkono navyo huleta ganzi, na hilo haliponywi na sidiria.

Fundi cherehani wako asiyeogopa lastiki anaweza kukusaidia pia. Hiyo 85D ikilegea baada ya miezi, anaweza kupunguza mkanda pande zote mbili kwa usawa, karibu na kulabu, na kuzishona upya. Asizidishe sentimita tano kwa jumla, kamba za begani zitahama. Hizo 40B na 42 ulizonazo asihangaike nazo. Mkanda utapungua, kikombe hakitaongezeka.

Nimebakiza la saratani, ambalo naona ndilo lililokutia hofu kuliko yote. Waya hauleti saratani ya matiti. Sidiria ya kubana haileti, na kulala nayo hakuleti. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 1,500 wa miaka 55 hadi 74. Waliwauliza walianza kuvaa sidiria wakiwa na umri gani, saa ngapi kwa siku, yenye waya au isiyo nayo, na saizi gani. Hawakuona uhusiano wowote na saratani. Ukipenda kulala nayo, vaa laini isiyo na waya. Ukipenda kulala bila, lala bila. Ni suala la raha yako.

Kuivua sidiria yenye waya si kinga, basi, na ninachoogopa ni mtu kuvua waya akajiona salama, asijikague. Wewe ukiwa unaoga au unajipima kwa tepu, pitisha vidole bapa kwenye titi lote mpaka kwapani. Uvimbe mpya hata usiouma, ngozi kubonyea au kukakamaa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, kidonda cha chuchu kisichopona, au majimaji na damu kutoka chuchuni, ni safari ya hospitali wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini anayejua ni aliyeupima. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, watakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au taasisi ya saratani ya Ocean Road inapobidi. Mwambie na mwalimu mwenzako hivyo, maana naye ana matiti.

Shangazi